Siri ya Bibi Kufuli na Kadi za Kukwangua

"Mimi ni kaburi," Bibi Kufuli alipenda kusema. "Jambo likiingia humu halitoki. Muulizeni mke wa kinyozi. Ile habari ya binti yake kurudishwa kwao na mumewe nimekaa nayo tangu juzi, na mpaka sasa nimewaambia nyinyi tu."

"Nyinyi" hao walikuwa foleni nzima ya bombani.

Ndiyo maana wakamwita Kufuli. Walisema ni kufuli zuri, zito, la chuma, ila ufunguo wake unaning'inia palepale mlangoni. Sasa mtu wa namna hiyo, wewe mwenye akili timamu, utampa siri akutunzie? Mjukuu wake alimpa. Na huyo mjukuu hakuwa mjinga. Ujinga angeutoa wapi, na alikuwa amesoma mpaka macho yakaomba miwani.

Waliishi wawili, chumba na sebule. Mjukuu alikuwa ameigeuza sebule kuwa karakana. Kompyuta mbili zilikaa juu ya meza ya chakula, nyaya zilitambaa sakafuni kama mizizi, na feni iliielekea mashine ikamwacha bibi wa watu akijipepea kwa mfuniko wa sufuria. Alikuwa ameacha kazi ya mshahara ili atengeneze bahati nasibu.

"Bahati nasibu ya haki," mjukuu alimsahihisha.

"Na mimi naenda sokoni kununua samaki mwenye manyoya," Bibi akajibu. "Tutaona nani atarudi wa kwanza, mke mwenzangu."

Alikuwa na sababu. Mtaa ule ulikwisha kuumwa na nyoka, ukiona ukambaa unaruka. Bwana mmoja aliwahi kuja na kadi za karatasi, watu wakakwangua mpaka kucha zikaisha, na kila zawadi kubwa ikamwangukia shemeji yake. Shemeji mwenyewe alijua kushangaa. Kila akishinda alishika kichwa, akakaa chini, akaomba maji. Alipoomba maji mara ya tatu watu wakaelewa.

Za mjukuu zilikuwa kadi za kukwangua pia, ila unazikwangua kwa kidole juu ya kioo cha simu. Unanunua kwa sarafu za kripto, na sarafu hizo hazipiti mkononi mwa mtu. Zinaingia kwenye sanduku la mtandaoni linalojilinda lenyewe, na hata aliyelitengeneza hana ufunguo wake. Kila kadi ina namba. Namba ipi ina zawadi, hakuna ajuaye mpaka kadi zote ziishe kuuzwa, kwa sababu jibu linatoka kwenye siri za watu watatu zikichanganywa pamoja. Ukijua siri mbili, hujui kitu. Mmoja tu akiikalia yake, inatosha kuwazuia wezi wote wa dunia.

"Kwa hiyo nataka watu watatu wasioweza kula njama," mjukuu alisema. "Watu wasiosemezana."

"Mtaa huu? Fumba macho uchague."

"Nimeshachagua. Kinyozi, kwa kuwa anakuchukia kwa habari za binti yake, na anagombana na mshonaji kwa ajili ya baraza. Halafu mshonaji. Halafu wewe."

Bibi aliacha kujipepea.

"Mimi na yule mwizi wa vitambaa tukae kwenye jambo moja?"

"Ndiyo uzuri wake, Bibi. Kila mtu anajua nyinyi wawili hamuwezi kunong'onezana hata nyumba ikiwaka moto. Uadui wenu ndio ulinzi wa watu."

Bibi alijishika mkono wa gauni akauvuta, kama alivyozoea.

Gauni hilo lilikuwa la zambarau, lenye maua ya njano makubwa kama visosi. Alinunua kitambaa chake kwa ajili ya mahafali ya huyuhuyu mjukuu, akampelekea mshonaji wa ng'ambo ya njia, ambaye siku hizo walikuwa wanaitana dada na mdogo wangu na wanalia misiba yao pamoja. Gauni lilirudi zuri mwili mzima, isipokuwa mikono iliishia juu ya kiwiko kama ya mtoto aliyerefuka ghafla. Mshonaji alisema, "Dada, kitambaa hakikutosha." Na Bibi, ambaye alikuwa amepima mwenyewe dukani, alisimama kwenye baraza ya watu akatangaza kwamba fundi amekula kitambaa. Maneno hayo ukimsemea mshonaji yeyote duniani, wateja wake hawaulizi ushahidi. Kila mmoja alikumbuka sketi yake iliyobana. Na ushahidi Bibi aliuvaa: sokoni gauni, msibani gauni, kliniki gauni, akiinua mikono ile mifupi kila alipopata nafasi.

Miezi ikapita. Asubuhi moja shingo ilimuuma, akabonyeza mto wake akasikia bonge gumu. Akaufumua. Ndani mlikuwa na kipande cha zambarau chenye maua ya njano, kimekunjwa vizuri. Hapo akakumbuka. Alikikata yeye, kabla hajapeleka kwa fundi, ili ajifungie kilemba. Akakificha ndani ya mto wa kulalia, akaushona mdomo kwa mkono, akasahau.

Alikaa kitandani na kile kitambaa mapajani. Ng'ambo ya njia cherehani iliyokuwa hailali ilisikika ikipiga mishono mitatu minne, kisha kimya. Siku hizo mshonaji hakuwa anashona nguo tena. Alitia zipu na viraka.

Kuvuka njia ilikuwa hatua chache. Bibi alikirudisha kitambaa ndani ya mto, akaushona tena, na tangu siku hiyo akawa analala upande mmoja.

Sasa turudi sebuleni. Mjukuu alimweleza mambo kwa mfano wa mahindi. "Siri yako ni mahindi, Bibi. Unaiandika humu, mashine inaisaga, na unga wake ndio unabandikwa mtandaoni watu wote wauone. Mwenye unga hawezi kuurudisha kuwa mahindi. Umenipata hapo?"

"Hilo hata kuku anajua."

"Lakini mahindi yaleyale ukiyasaga tena, unapata unga uleule. Ukibadilisha hata punje moja, unga unakuwa mwingine. Kwa hiyo siku ya mwisho..."

Hapo sufuria ikanukia kuungua na Bibi akakimbilia jikoni. Aligeuza, akaongeza maji, akaionja, akaisema vibaya. Aliporudi mjukuu alikuwa anamalizia kumweleza feni.

"...basi, ndivyo itakavyokuwa. Umeelewa?"

"Nimeelewa kuliko wewe."

"Haya. Andika kitu ambacho hakuna mtu mwingine duniani anayekijua. Isiwe jina wala tarehe. Kitu ambacho hata mimi siwezi kubahatisha. Natoka nje."

Bibi alibaki peke yake na kile kijistari kinachopepesa kwenye kioo. Kitu ambacho hakuna mwingine anayekijua. Alikuwa nacho kimoja tu, maana vingine vyote alikwisha kuvisema bombani. Na unga haurudi kuwa mahindi. Kwa kidole kimoja, polepole, akaandika: *Mshonaji hakula kitambaa. Kimo ndani ya mto wangu.*

Akabonyeza. Maneno yakasagika mbele ya macho yake yakawa msururu wa herufi na namba usio na kichwa wala miguu. Alihisi kifua kimepungua uzito, kama mtu aliyecheua. Akamwita mjukuu, akamwambia amalize upesi, chakula kinapoa.

Kadi ziliuzwa. Watu walianza kwa kusitasita, wakaja kwa wingi, kwa sababu mjukuu hakuwabembeleza. Kila aliyemwuliza "Tutakuaminije?" alijibiwa vilevile: "Usiniamini. Kagua." Akawaonyesha sanduku, akawaonyesha unga wa siri tatu uliobandikwa pale tangu kabla kadi ya kwanza haijauzwa.

Asubuhi ya siku yenyewe mjukuu alikuwa anapiga pasi blauzi, anaimba puani.

"Utavaa nini, Bibi? Leo utasimama mbele za watu."

"Gauni langu. Nisimame kufanya nini?"

"Kufungua siri, si nilikueleza? Kila mmoja anaandika siri yake tena, inaonekana ukutani, mashine inaisaga watu wakiona. Unga ukilingana na ule wa zamani, kila mtu anajua hamkubadilisha kitu."

Bibi alikaa kwenye ukingo wa kiti.

"Inaonekana ukutani," alisema.

"Kubwa hivi. Na mtandaoni haifutiki milele."

"Na mtu akitaka kubadilisha? Tuseme amekumbuka siri nyingine, nzuri zaidi."

Mjukuu alicheka. "Hapo ndipo ilipo haki yenyewe, Bibi. Hata mimi siwezi."

"Na asipofungua?"

Pasi ilisimama. "Asipofungua, mchezo unakufa. Sarafu zinarudi kwa wenyewe, na mimi naitwa kama alivyoitwa yule wa shemeji. Kwa nini unaniuliza?"

"Nakupima," Bibi akasema, "kama umeelewa."

Alivaa gauni lake, akavuka njia. Alijiambia: nitamwambia mwenyewe kabla ukuta haujamwambia. Maneno aliyapanga kuanzia mlangoni kwake hadi kwenye baraza, na yalikuwa mazuri. Mshonaji alikuwa ameinama juu ya suruali ya mtu, anatia zipu mpya badala ya iliyokufa. Aliinua macho, akaona gauni, akayarudisha kwenye zipu.

"Karibu, mama," alisema. Zamani alikuwa anamwita dada.

"Nimepita tu."

"Haya."

"Una kazi nyingi."

"Unaziona."

Hakukuwa na kazi pale zaidi ya ile suruali. Ukutani ulining'inia utepe wa kupimia, haujaguswa siku nyingi. Neno samahani ni dogo, lakini kwenye koo la mzee hukwama kama mwiba wa samaki.

"Siri yako uliandika nini?" Bibi akauliza badala yake.

"Nilimwaga vifungo mezani, nikaandika rangi zake kwa jinsi vilivyoanguka." Mshonaji alikata uzi kwa meno. "Mjukuu wako alisema kisijulikane na mtu, nami nikataka hata mimi nisikijue kabla. Tangu mwaka jana hakuna aliyenipa hata kitambaa cha leso nimtunzie. Yule mtoto kanipa haki ya mtaa mzima. Sitaki kuiharibu."

Bibi alisimama pale na mikono yake mifupi.

"Ile zipu," alisema mwishowe, "unaitia kichwa chini." Akageuka akaondoka. Njiani alijitukana kwa majina ambayo asingethubutu kumwita hata mbwa.

Ukumbi ulijaa. Viti vya plastiki viliisha, watu wakakaa madirishani, kila mmoja na simu mkononi na kadi yake imefunikwa kwa rangi ya kijivu, inangoja. Shuka jeupe lilitundikwa ukutani. Kinyozi alitangulia. Aliandika upuuzi wa herufi alizobonyeza kwa kiwiko na kuziweka ndani ya simu yake, ukutani zikatokea, zikasagwa, alama ya kijani ikawaka. Watu wakapiga makofi, naye akainama kama aliyeimba. Akaja mshonaji. *Nyeupe nyeusi nyeupe buluu kahawia nyeupe*, vifungo vikafuatana ukutani, kijani kikawaka. Makofi yalikuwa machache. Mtu nyuma alisema, "Hivyo vifungo vya nani?" na wengine wakacheka. Bibi aliuona mgongo wa mshonaji ukinyooka wakati anarudi kwenye kiti.

"Bibi," mjukuu akasema.

Bibi alifika mezani. Aliketi, akavaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa.

"Nimesahau," alisema.

Ukumbi ulivuta pumzi.

"Uzee," akaongeza. "Juzi nilisahau hata kula."

"Juzi ulikula mara mbili," mjukuu alimnong'oneza. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Bibi, tafadhali. Jaribu. Chochote kinachokujia."

Nyuma walikwisha kuanza. "Walewale." "Sasa subirini shemeji aje aombe maji." Kijana wa watu alisimama pale na blauzi yake ya pasi, hana hata pa kuweka mikono. Bibi akaandika haraka: *Chumvi ya jirani ni tamu kuliko yangu.* Watu wakaanza kucheka, lakini mashine haikucheka. Ilisaga, ikalinganisha, ikatoa alama nyekundu, na chini yake neno moja: HAILINGANI.

"Hiyo siyo, Bibi," mjukuu alisema, na sauti yake ilikuwa inatafuta pa kushika. "Umekosea mahali."

Hakuwa amekosea. Maneno ya kweli aliyajua moja moja, mpaka nukta zake, maana alikuwa anayalalia. Alimtazama mjukuu, akawatazama watu. Kwa mshonaji hakutazama. Kisha kidole kimoja kikaanza kutembea juu ya vibonyezo, na kila herufi ilipanda ukutani kubwa kama mlango.

*Mshonaji hakula kitambaa. Kimo ndani ya mto wangu.*

Kijani kikawaka.

Hakuna aliyepiga makofi. Kadi zote zilikuwa zimefunguka, lakini watu walisahau kukwangua, isipokuwa mchukuzi mmoja wa magunia ambaye hakujua kusoma. Simu yake ikaanza kuimba wimbo wa ushindi peke yake katikati ya kimya kile. Aliiziba kwa viganja, akatazama huku na huku kama aliyekohoa msibani.

"Bibi," mjukuu aliuliza polepole. "Ni kweli?"

Hapo Bibi Kufuli angeweza kusema ndiyo. Mchezo ulikwisha kupona, haki ya mtoto ilikwisha kuonekana, na kilichobaki kilikuwa deni la neno moja. Lakini aliona nyuso zile, watu wote aliowainulia mikono mwaka mzima, wanaitazama sasa kiwiko hadi kiwiko. Aibu ikampanda toka miguuni kama maji ya moto, na ulimi, ambao haukuwahi kumsubiri, ukatangulia.

"Kweli gani?" akasema, akacheka kidogo. "Si ulituambia tutunge kitu ambacho mtu hawezi kukibahatisha? Basi nikatunga. Nani angebahatisha kwamba mimi nitamsafisha yule? Hiyo ndiyo siri nzuri."

Watu wakashusha pumzi. Walitaka kuamini, kwa sababu nao walikuwa wamemsusia fundi mwaka mzima. Mmoja akasema, "Bibi huyu ana akili," na vicheko vikaanza kurudi. Mshonaji alikuwa amesimama. Alianza kuokota mkoba wake.

"Subiri, mama fundi," mjukuu alisema. Alivua miwani. "Mchezo wangu una sheria moja, na nimewaambia nyote. Hatuaminiani. Tunakagua."

Akatoka.

Nyumba haikuwa mbali. Bibi angeweza kumwita njiani, na sauti ya kumwita alikuwa nayo. Alikaa akivuta mkono mmoja wa gauni, kisha wa pili, na haikurefuka. Mjukuu alirudi amekumbatia mto kama mtoto aliyelala. Hakuwatazama watu. Aliuweka mezani mbele ya mshonaji.

Mshonaji alipitisha kidole kwenye ukingo. "Huu mto nilimshonea mimi," alisema, si kwa yeyote. "Mshono huu si wangu." Akatoa mkasi wake mdogo mkobani, akakata uzi wa kwanza, wa pili, akatia mkono ndani ya pamba.

Zambarau ilitoka kidogokidogo, kisha yote.

"Hicho," alisema Bibi Kufuli, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeonewa, "hicho kitambaa mimi sijawahi kukiona kwa macho yangu."

Mshonaji alikikung'uta pamba, akamsogelea, akamshika mkono taratibu kama anayempima, na kukiweka kile kipande pale mkono wa gauni ulipoishia. Maua ya njano yakaendelea kutoka kwenye kiwiko, moja baada ya jingine, hadi kwenye kiganja.